Nilivyotumwa Chwele Kuuliza Kitovu

Nyinyi wenzangu wa mikokoteni pale Gikomba mmeniuliza mara nyingi nilikokuwa zile siku tisa, na kila nikianza kueleza mmoja wenu anadakia, "Eti Wekesa alitumwa kuangalia kitovu!" halafu mnacheka hadi habari inakatikia hapo. Basi nimeiandika. Darasa la nane sikulipita vizuri, lakini kalamu naijua, na karatasi haimkatizi mtu maneno.

Wodini, kabla ya kutoka

Baraka mnamjua. Ni mtoto wa dada yangu Nafula, yule wa miaka minne ambaye hupenda kupandishwa juu ya mkokoteni nikipita Umoja bila mzigo. Tangu azaliwe amekuwa mtoto wa vidonda. Ufizi unavimba, meno yanalegea, mkwaruzo wa goti unachimba hadi unatisha, lakini hautoi usaha hata tone. Nyumbani tulihesabu hilo kuwa bahati. "Damu yake ni safi," ndivyo dada alivyozoea kuwaambia majirani.

Mwezi ule alilazwa kwa kidonda cha shavu. Dada hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa wazazi wa mumewe karibu na Chwele kujifungua mtoto wa pili, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba amepata mvulana na wote ni wazima. Aliyekaa na Baraka wodini ni baba yake, shemeji yangu Barasa, ambaye hufanya kazi ya reli. Mimi nilikuwa nampelekea chakula.

Siku hiyo daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alisimama kitandani akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kitovu cha huyu kilianguka baada ya siku ngapi?"

Shemeji akanitazama, nami nikamtazama. Hayo ni mambo ya wanawake. Lakini nilikumbuka, kwa sababu wakati ule nilikuwa nakula kwao, na dada alikataa kutoka nje na mtoto hadi kamba ya kitovu ianguke. Alikaa ndani hadi tukaanza kumtania.

"Ilipita mwezi, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Na mdogo wake, kimeanguka?"

Hakuna aliyejua. Shemeji akahesabu kwa vidole. Mtoto alikuwa na siku ishirini na nne.

Daktari alichukua bahasha kuukuu, akachora mfereji. Alisema huo ni mshipa na damu inapita ndani yake mbio. Katika damu kuna seli nyeupe, walinzi wa mwili. Mtu akijikata, seli hizo lazima zitoke ndani ya mshipa ziende kwenye kidonda. "Sasa mnadhani zinatokaje, na damu inazisukuma?"

"Zifunge breki," nikasema. Nilisema kwa mzaha, lakini akanigeukia.

"Breki gani?"

Nikamweleza kazi yetu. Mkokoteni ukiteremka kuelekea mtoni na mzigo, huwezi kuusimamisha ghafla. Unainua mikono ya mbele, kitako cha nyuma kinashuka, na kile kipande cha tairi tulichokipigilia chini kinakwaruza lami. Kinashika, kinaachia, kinashika, kinaachia. Mwendo unapungua, lakini mkokoteni hausimami. Wa kuusimamisha ni jiwe, ulilobeba mwenyewe, unalolisukumia chini ya gurudumu.

Daktari akacheka, kisha akachora tena. "Sikilizeni, amenirahisishia kazi. Mshipa ulio karibu na kidonda huota vikulabu kwa ndani. Seli inanaswa, inaachiwa, inanaswa, inaachiwa, inabingirika polepole. Hiyo ndiyo tairi yako. Halafu inapata harufu ya kidonda, na sasa inakunjua mikono yake yenyewe, inaushika ukuta, inasimama kabisa. Hilo ni jiwe lako. Ikishasimama inajibana, inapenya katikati ya ukuta na kutoka. Vikulabu na mikono hiyo tunaviita molekuli za kushikia."

"Na Baraka?" akauliza shemeji.

"Tairi anayo. Jiwe ndilo limepungua. Seli anazo nyingi kuliko mimi na wewe, zimejaa kwenye damu kwa sababu haziwezi kushuka. Zinakipita kidonda. Usaha ni zile zilizofika, zikafanya kazi, zikafa. Kwa hiyo mkiona kidonda kibaya hakina usaha, msifurahi. Na kamba ya kitovu nayo inaachanishwa na seli hizo hizo. Zisipofika pale kwenye kiungo, inakawia."

Shemeji akauliza kwa sauti ya chini, "Inatoka kwa mama au kwa baba?"

"Kwa wote wawili. Kila mmoja ana nusu, na mwenye nusu haugui. Mtoto akipokea nusu zote mbili, ndipo."

Aliandika barua akanikabidhi mimi, kwa kuwa kijijini kwao hakukuwa na simu na shemeji hakuweza kumwacha Baraka. Kama kitovu cha mtoto kilianguka katika wiki ya kwanza au ya pili, niwasalimu nirudi. Kama bado kipo, nimlete mtoto na mama yake upesi, asiruhusiwe mtu kukivuta wala kukikata. Akipata homa njiani, niingie zahanati ya kwanza na barua ile. "Kichanga wa namna hii akiambukizwa kitovu," alisema, "ni siku chache tu."

Gikomba hadi Nakuru, na ile sweta nyekundu

Nilipata nafasi kwenye lori la mitumba la Karis, dereva ambaye mmempakilia mizigo mara nyingi. Alikuwa anapeleka marobota Bungoma, halafu Chwele kupakia vitunguu. Tuliondoka jua limeshatoka, mimi nikiwa turnboi wa kujitolea, msaidizi wa dereva.

Karis ni mtu wa maswali. Hatujafika Limuru alishanitoa habari yote.

"Kwa hivyo damu ya mtoto haina gundi."

"Si gundi, Dere. Ni mikono."

"Gundi. Kitu hakishiki, hicho hakina gundi. Nyinyi watu wa Magharibi mna dawa jikoni na hamjui. Mpeni mrenda."

Kwa asiyeujua, mrenda ni mboga inayovutika kama kamasi. Ukiinua tonge, uzi wake unakufuata hadi mdomoni. Nikamwambia Baraka amekula mrenda tangu aote meno. Karis akafikiri hadi tukapita kona mbili. "Basi wanauchemsha sana," akasema.

Kwenye mteremko wa kuingia Bonde la Ufa kamba ilikatika na robota moja likaanguka, likapasuka barabarani. Zilikuwa sweta za sufu, labda mia mbili, zikatapakaa hadi kwenye majani. Watu wakatokea, sijui kutoka wapi, maana pale hapaonekani nyumba. Nikajua mzigo umekwisha. Lakini waliokota wakarudisha, wanakunja kabisa, mama mmoja ananigombeza kwamba sijui kukunja mikono ya sweta. Mwishowe palibaki mzee mmoja aliyevaa sweta nyekundu, nadhifu, amefunga vifungo vyote.

"Mzee, hiyo ni yetu," Karis akamwambia.

Mzee akajitazama kifua. "Imenikaa," akasema.

Karis akapanda lori. Tulikuwa tumepoteza saa tatu. Mimi nilikuwa nahesabu siku za mtoto, na saa sikuzipenda. Nakuru tulikula chapati na ndengu tukiwa tumesimama.

Timboroa, naletewa chai na kunyang'anywa

Juu kule Timboroa ukungu ulishuka alasiri hiyo hadi Karis hakuona boneti yake. Akasema haendi popote. Tukaingia kihoteli kimoja cha mbao chenye jiko katikati, ambako mama mwenye hoteli alitupokea vizuri sana. Chai ilikuwa ya maziwa matupu. Alituletea na viazi vya kuchemsha vinavyopasuka vyenyewe, akakaa nasi kuota moto.

"Na nyinyi mnaelekea wapi na baridi hii?"

"Mimi naenda Chwele," nikasema. "Natafuta kitovu cha mtoto."

Mama akainuka, akachukua kikombe changu, ambacho kilikuwa nusu, akamwaga chai nje mlangoni. Akarudi akachukua viazi.

"Mama, nimekosa nini?"

"Kitovu cha mtoto wa watu unakitafutia nini? Nenda kafanye uchawi wako kwingine."

Karis alicheka hadi akakohoa. Nilitoa barua ya daktari, lakini mama hakusoma, na kadiri nilivyoeleza habari za damu na mishipa ndivyo alivyozidi kusogeza kiti chake mbali. Hatimaye Karis aliapa kwa jina la mamake mzazi kwamba mimi ni mvuta mkokoteni na sijui uchawi wala kazi nyingine yoyote. Viazi vikarudi. Chai haikurudi.

Nilicheka pia, lakini baadaye nililala ndani ya lori nikiwaza. Huyu hanijui na amenimwagia chai. Wakwe wa dada watanifanyaje nikibisha hodi kwao na swali lile lile?

Kutoka lami hadi kwa Mama Rasoa

Kesho yake tulipita Eldoret na Webuye bila kisa, na Bungoma nikaachana na Karis. Tulipatana tukutane soko la Chwele kesho asubuhi, akishapakia. Nilipanda boda boda ya baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa kijana mwembamba kuliko mimi, na kila kilima tulishuka tukaisukuma wote wawili, hadi nikamuuliza kama ninayemlipa ni yeye au baiskeli. "Mteremko unakuja," alinijibu, na ulikuja, na hakuwa na breki hata moja. Alisimamisha kwa ndala.

Kwa wakwe wa dada nilifika saa tisa. Mama Rasoa, mama mkwe wake, ni mwanamke mrefu, mjane, anayetembea kama mtu aliyebeba mtungi hata akiwa hana kitu kichwani. Alinipokea kwa heshima zote. Nilikaribishwa kiti, maji ya kunawa, uji wa wimbi, halafu kuku akaanza kufukuzwa uani. Dada Nafula alitoka chumbani na mtoto kifuani amefunikwa shali. Alikuwa amekonda. Nikampa salamu za mumewe, nikasema Baraka anaendelea, jambo ambalo lilikuwa kweli kidogo.

Nilizunguka swali langu kama anavyozunguka mtu aliyemwagiwa chai. Niliuliza habari za mvua, za mahindi. Mwishowe nikasema, "Mama, huko Nairobi daktari wa Baraka anauliza, ile kamba ya huyu mdogo, ilishaanguka?"

"Zamani," akajibu Mama Rasoa hapo hapo. "Siku ya kumi na moja. Tukaifukia panapostahili, tukapika uji, majirani wakaja. Au siyo, Nafula?"

"Ndiyo, mama," dada akasema, akitazama sakafu.

Sijui niwaelezeje wepesi nilioupata. Nilikunywa uji bakuli la pili. Nikajiona niko ndani ya lori juu ya vitunguu, narudi na habari njema, daktari ananipa mkono. Kuku alipoiva nilikula kama niliyetumwa kula. Na mrenda ulikuwepo, nikauvuta uzi wake nikicheka peke yangu.

Ni furaha hiyo iliyonifungua mdomo. Mama Rasoa aliuliza, kwa ajili ya mazungumzo tu, ni ugonjwa gani huo wa Baraka usiokwisha. Na mimi, nimeshiba, nikaanza kumweleza. Nikageuza kigoda kikawa mkokoteni. Nikainua miguu ya mbele, nikakikwaruza sakafuni, tairi hii, mama, inashika inaachia. Nikachukua gunzi la hindi nikaliweka chini, jiwe hili. Nikatoa gunzi, kigoda kikateleza hadi mlangoni.

"Hivyo ndivyo damu ya Baraka inavyofanya. Walinzi wanapita tu mlangoni pa kidonda. Ndiyo maana vidonda vyake havitoi usaha. Sisi tulidhani ni usafi."

Mama Rasoa alikuwa anachambua mboga. Mikono ilisimama.

"Havitoi usaha?"

"Hata tone."

"Na vikikauka bila usaha si ndiyo vizuri?"

"Daktari anasema ndiyo vibaya. Na kitovu vilevile. Walinzi wasipofika kwenye kiungo, kamba inakaa tu."

Aliinuka akatoka nje. Nikamwuliza dada nimesema nini kibaya. Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto kwenye shali. Mama Rasoa alirudi, akafunga mlango na akakaa karibu nami kuliko mkwe anavyokaa.

"Mwanangu, hakijaanguka."

"Mama?"

"Hakijaanguka. Hapa kwetu kamba ikichelewa watu wanasema mama ana siri, mtoto si wa boma hili. Kufika siku ya kumi walishaanza kuja kuchungulia. Nikasema kimeanguka. Nikafukia kipande cha ngozi ya mbuzi chini ya mgomba, nikapika uji. Nilikuwa namlinda huyu." Akamwonyesha dada kwa kidevu. "Na kila siku nakiosha kwa maji ya chumvi, nafurahi, hakina usaha, ni kikavu kama kamba. Nimenunua wembe. Kesho nilitaka nikikate."

Siku ya ishirini na sita

Dada alifunua shali. Sikuwahi kutazama jambo kama lile na sikujua nilitazame kwa uso gani. Kamba ilikuwa nyeusi, ngumu, imeshika tumbo kama mzizi. Pembeni mwake ngozi ilikuwa nyekundu, upana wa kidole. Hakuna unyevu. Mtu yeyote angesema ni safi. Mimi mwenyewe, wiki moja nyuma, ningesema hivyo.

"Wekundu umeanza lini?"

"Leo," dada akasema. "Na jana hakunyonya sana."

Nikatoa barua nikawasomea, nikirudia pale daktari alipoandika kwamba kisivutwe wala kukatwa. Mama Rasoa aliingia chumbani, akatoka na ule wembe ukiwa bado kwenye karatasi yake, akautumbukiza chooni. Kisha akarudi akauliza swali lile lile la shemeji.

"Ni upande wa nani?"

"Pande zote mbili, mama. Nusu kwenu, nusu kwetu. Na daktari alisema bila nusu ya baba mtoto haugui."

"Basi ni wa boma hili," akasema.

"Ni wa boma hili kabisa."

"Na mimi nilizika wawili," akasema, si kwangu hasa. "Kabla ya Barasa. Walikuwa na vitovu vya kuchelewa. Vikavu hivi hivi."

Kulipokucha alijifunga leso mbili, akambeba mtoto mwenyewe, akafungua mlango wa mbele. Kulikuwa na njia ya nyuma, kupitia migomba, na dada alikuwa ameshaishika. Mama Rasoa akamwita arudi. Tukapita mbele za watu, na jirani mmoja aliyekuwa anafagia akauliza, "Mnampeleka wapi mgeni mapema hivi?"

"Hospitali. Kitovu hakijaanguka."

Yule jirani alibaki ameshika ufagio. Mama Rasoa hakupunguza mwendo.

Kurudi na vitunguu

Karis alikuwa amepakia. Alipoona watatu na kichanga alifungua mdomo kulalamika, kisha akamwona Mama Rasoa akaufunga. Wanawake wakakaa mbele. Mimi nikapanda juu ya magunia, na tangu siku hiyo vitunguu sivisogelei.

Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya udongo ya murram ikawa uji. Tulikwama mara mbili kabla ya lami. Mara ya pili nilikuwa nasukuma nikasikia mtu anasukuma kando yangu kwa nguvu za ng'ombe. Nilipogeuka ni Mama Rasoa, matope hadi magotini.

"Mama, wewe ni mkwe!"

"Sukuma wewe," akasema.

Tulipofika Turbo mtoto alikuwa na joto. Dada alimwambia Karis, akasimama. Tulipata zahanati moja kando ya barabara, jina lake sitalitaja. Nesi alikuwa kijana, peke yake, na foleni imefika nje. Alimfunua mtoto akatazama.

"Kitovu hiki ni kisafi. Hakuna usaha. Homa ni ya safari, mpeni maji yaliyochemshwa."

Nilimpa barua. Aliisoma upesi, kwa mashaka, kwa sababu ilikuwa imekunjwa mara nane na ilinuka vitunguu. "Huyu daktari ni wa wapi? Hapa hatutoi sindano kwa kitovu kikavu."

Nikaanza habari ya mkokoteni. Nesi akatabasamu kama anavyotabasamu mtu kwa mlevi mpole, akaita anayefuata. Nilikuwa nimelieleza jambo lile vizuri mara mbili, na mara hii, iliyokuwa na maana kuliko zote, maneno yalikuwa yanateleza.

Mama Rasoa alinisogeza pembeni kwa kiwiko. Hakupaza sauti.

"Binti yangu, nitazame. Mimi nimesema maneno hayo hayo uliyoyasema, ni kisafi, hakina usaha. Nimeyasema kwa watoto wangu wawili, nikawazika. Na kwa huyu nimeyasema siku ishirini. Wewe ni msomi. Soma hiyo karatasi tena, mara hii polepole. Sisi tutangoja."

Nesi alikaa chini, akaisoma tena, akifuata mistari kwa kidole. Kisha akabonyeza ngozi kando ya kitovu, na mtoto akalia kilio ambacho sikukipenda. Akauliza mtoto ana kilo ngapi, akampima, akafungua kabati.

Alimchoma sindano mbili, akaandika nyuma ya barua saa na kiasi cha dawa. Alipomaliza akamwambia Mama Rasoa, "Asante, mama." Kisha akanigeukia. "Na wewe hebu nieleze tena ile ya jiwe." Nikamweleza, na foleni nzima ikasikiliza.

Ukungu haukutukamata Timboroa. Kwa yule mama wa chai hatukusimama, ingawa Karis alipiga honi.

Wodini tena

Siku tatu za kwanza sina cha kusimulia. Mtoto alikuwa na sindano kichwani, mahali mishipa ya kichanga huonekana, na daktari alikuwa anakuja asubuhi na jioni bila kusema mengi. Mimi, dada na shemeji tulipokezana benchi. Mama Rasoa hakupokezana na mtu. Siku ya nne joto lilishuka na mtoto akanyonya hadi akalala na titi mdomoni. Wekundu ulipungua ukawa pete nyembamba. Siku ya tano kitovu kilianguka chenyewe kwenye nepi, bila sherehe. Nesi wa wodi alimkabidhi Mama Rasoa kikiwa ndani ya pamba, akakifunga kwenye ncha ya leso.

Daktari alitwambia ukweli wote. Mtoto ana ule ugonjwa kama kaka yake. Mikono ya seli zake si kwamba haipo kabisa, ipo michache, na ndiyo maana Baraka amefika miaka minne. Hakuna dawa ya kuiongeza hapa kwetu. Kuna dawa za kuua vijidudu, kuna kupiga meno mswaki kila siku, na kuna kukimbia hospitali kila homa inapoanza, bila kungoja kidonda kionyeshe chochote. Ni kukimbia maisha yote. Shemeji aliuliza kama wataona shule. Daktari akasema, "Mkikimbia, ndiyo."

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza Mama Rasoa kituo cha basi la Bungoma. Nikamuuliza atawaambia nini watu wa nyumbani.

"Nitasema nilidanganya. Nitasema nilifukia ngozi ya mbuzi nikawanywesha uji."

"Watakucheka, mama."

"Watanicheka hadi Krismasi. Lakini mabinti zangu wawili wameolewa hapo kijijini, na mmoja ni mjamzito. Sasa nikikaa kimya na heshima yangu, kitovu chake kikikawia atafanya nini? Atafanya kama mama yake alivyofanya." Alipanda ngazi ya basi, akageuka. "Wale wawili niliowazika walikuwa na majina, Wekesa. Wafula na Simiyu. Sijayataja miaka thelathini, nikidhani nilikosa mimi."

Basi likajaza watu. Alipata dirisha, akalifungua, na kabla halijaondoka nilimsikia akimwuliza jirani yake wa kiti, mama mmoja mgeni kabisa aliyebeba mtoto mgongoni, "Huyo ana siku ngapi? Na kitovu?"